Mwanzi Murefu mu Nyumba ya Mama Amisi

Siku ile mulikuja kwangu na kanapeshi, ile fimbo ya plastiki ya kuvua samaki, kutoka soko ya Kasongo, mukaivuta mbele yangu kama mutu anavuta antena ya redio, mukaniuliza: "Babu, sasa mwanzi wako iko na kazi gani tena?" Mulicheka, na mimi nilicheka pamoja na ninyi, sababu ile kitu iko ya kushangaza kweli. Lakini jibu langu ni refu. Maneno mengi yalitaka kutoka mara moja, na kinywa cha muzee ni kimoja. Basi leo mukae. Anayetaka kusinzia asinzie, nitamuamsha tukifika kwa samaki.

Kazi yangu munaijua. Nilikuwa mutengenezaji wa fimbo za ndoana. Wavuvi ni wengi, kila mutoto aliyezaliwa karibu na maji anajiita muvuvi. Mimi nilitengeneza kile wanachovulia. Fimbo zangu zilifika Kabambare, zilifika Lusangi, hata kule Salamabila wachimba dhahabu walizitaka, wale ambao siku ya kupumzika wanaenda mbali kutafuta muto wenye maji bado safi. Mianzi ilipita ku kinga, baiskeli yangu, imefungwa pamoja, na watu wakiniona tu wanapiga kelele: "Baba Amisi wa mianzi anapita, chungeni macho yenu!" Leo mikono inatetemeka, kisu hakinisikie tena. Nimeacha.

Nianze na haki ya plastiki, musije mukasema muzee ana wivu. Ile kitu ni nyepesi. Inaingia ndani yake yenyewe mpaka inakuwa fupi kama mwiko, unaitia mu mufuko, unapanda moto, ile pikipiki, na motari anayeiendesha hakugombeze. Dumuzi, wale wadudu wa kutoboa miti, hawaikule. Panya hawaitazame. Mimi nikiwa kijana, kama mutu angenipa ile, ningelala nayo ku mukeka. Lakini ikivunjika imevunjika. Nimeona nyingi zinazunguka mu vijiji, moja inashika maharagwe mu bustani, ingine inafukuza mbuzi. Hakuna anayejua kuiponyesha. Mwanzi ukivunjika ku ncha, unaukata kwa mushazari, unatafuta kipande kingine cha mwanzi, unakikata vilevile, unavilaza pamoja, unafunga na uzi wenye nta ya nyuki. Kesho unarudi ku muto. Niko na jirani ambaye fimbo yake niliifunga mara nyingi mpaka sikujua tena ni fimbo yake ama ni nyuzi zangu.

Kazi hii nilifundishwa na mujomba Mulamba, ndugu ya mama yangu, aliyekaa upande wa muto Lwama. Mutu wa maneno machache, Mungu wangu! Alinipeleka mu kichaka cha mianzi, akagonga mumoja na kucha, to, to, akaniambia: "Sikiliza."

"Nasikia nini, mujomba?"

"Kama hausikie, enda nyumbani ukule. Kesho utarudi."

Nilirudi kesho, na kesho yake. Kumbe mwanzi mubichi unajibu kwa sauti ya maji, na ule uliokomaa unajibu mukavu, kama kugonga mulango wa nyumba ambayo watu wamehama. Ndio ule unaukata, na unaukata kiangazi, wakati maji yake yameshuka. Mimi na haraka yangu ya ujana niliwahi kukata mubichi mu masika, nikautengeneza vizuri, nikauuzia katekista mumoja wa kwetu. Alivua nao asubuhi mpaka mangaribi, akaja nao mulangoni. Fimbo ilikuwa imeinama kama mupini wa jembe.

"Kijana, fimbo yako inasali," akaniambia. "Imepiga magoti na haitake kusimama."

Mujomba alicheka mpaka akakohoa. Nilimurudishia katekista fimbo ingine, na toka siku ile nimejifunza kungoja.

Ukishakata, hauuegemeze ku ukuta, hapana. Mwanzi ukiegemea ukuta unajifunza kuegemea, na hautaacha. Unaufunga ku ncha, unautundika mu kivuli, chini yake unaning'iniza jiwe, unyooke wenyewe. Halafu unaupandisha ku lutala, ile dari ya fito juu ya mafiga, unakula moshi. Moshi ndio dawa. Dumuzi hataki kuingia mu kitu chenye kunuka moshi, na mwanzi wenyewe unakuwa mwekundu kama chai, unakuwa mugumu. Kisha unapitisha juu ya makaa, fundo kwa fundo, unanyoosha ku goti pole pole. Ukikaza sana unasikia "ka!" na umefanya kuni.

Ku lutala ndipo nilifanya upumbavu wangu mukubwa. Niliona fimbo za wengine sokoni zinang'aa, nikasema na zangu zing'ae. Nikazipaka mafuta ya mawese. Yo! Ziling'aa kweli, zilikuwa nzuri kama bibi arusi. Nikazirudisha juu ya moto, nikalala na moyo mweupe. Asubuhi nilikuta panya wamekula kila kifungo cha uzi, wameacha meno yao hata mu mwanzi. Mujomba alizishika moja moja, akazinusa.

"Umepika fimbo," akasema, "panya wamekula. Wako na haki."

Sasa munaniuliza tunavua nini na namna gani, sababu ninyi munajua tu ndoana yenye risasi inayolala chini. Sisi tulivua juu ya maji. Munajua mvua ya kwanza ikipiga, kumbikumbi wanatoka mu kichuguu, wanaruka wengi wengi, watoto wanakimbia na mabeseni. Wengine upepo unawapeleka ku muto, wanaanguka juu ya maji, wanapapatika. Basi wale samaki weupe wa mukia mwekundu wanapanda. Unasikia tu: pwa, pwa, pwa. Hapo unafunga kumbikumbi ku ndoana, bila risasi. Ukiweka kitu kizito atazama, na samaki anayekula juu hamufuate chini.

Lakini kitu chepesi vile utakitupa mbali namna gani? Hapo mwanzi unafanya kazi yake. Unauinua, unauacha ujipinde nyuma yako, unangoja kidogo, kisha unauelekeza mbele. Mukono hautupe. Mwanzi ndio unatupa, wewe unauonyesha njia tu. Anayetupa na mukono wake atavua masikio yake mwenyewe, na mimi niko na alama hapa ku sikio la kuume, mukaribie muone.

Kumbikumbi wakiisha, tunatengeneza wa uongo. Unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu, kipande cha raffia, uzi, basi. Bibi yenu alikuwa na jogoo mumoja, fundi wa kuwika, nilimunyofoa kidogo kidogo kila juma. "Jogoo yangu anatembea uchi mbele ya majirani," akaniambia, "na wewe unasema ni kazi!"

Kuna kitu kimoja mujomba alinifundisha ambacho watu wengi hawakifanye, na mukisahau yote mukishike hiki. Uzi haufungwe ku ncha ya fimbo tu. Unafungwa kwanza huku chini, ku mukono unapoushika, unazungushwa ku mwanzi wote mpaka juu, ndiyo unafungwa tena ku ncha. "Fimbo inaweza kukufa," mujomba alisema. "Samaki asijue." Niliona ni kazi ya bure, kumaliza uzi namna ile. Lakini nilikuwa namuogopa, basi nilifanya, mpaka mukono ukazoea kufanya wenyewe.

Na sasa ubaya wa mwanzi. Ubaya wake mukubwa ni urefu. Haukunjike. Popote unapokwenda, wewe unafika na fimbo yako inafika nyuma yako, iko na mambo yake. Nilikuwa bado kijana siku nilipoingia soko ya Kasongo na mianzi ku bega. Mutu akaniita, nikageuka. Nyuma ya mianzi ikageuka upande mwingine, ikapiga beseni ku kichwa cha musichana aliyekuwa anauza kumbikumbi wa kukaanga. Beseni chini, kumbikumbi wamesambaa mu vumbi yote. Yule musichana aliangalia beseni, akaniangalia mimi, akaangalia mwanzi toka mwanzo mpaka kule unaishia.

"Weye," akasema, "iyo fimbo yako haina mwisho?"

Soko yote ikacheka. Aliniambia nipige magoti niokote, na niliokota, mumoja mumoja, yeye amesimama juu yangu mikono ku kiuno, anaonyesha na kidole cha muguu: "Na ule. Na ule pale. Aka, ule si kumbikumbi, ule ni jiwe, hauna macho?" Nilipomaliza akaniambia: "Sasa enda, lakini uangalie nyuma." Nikaenda. Niliangalia nyuma kweli, lakini nilikuwa namuangalia yeye, na fimbo nayo ikageuka, ikaangusha nyanya za mama aliyekuwa jirani yake. Huyo musichana ndiye Mama Amisi, bibi yenu.

Tumeishi pamoja na mianzi katikati yetu. Nyumba yetu munaijua, fimbo zilipita toka chumba hadi sebule, juu ya mulango, chini ya kitanda. Zilimugonga kichwa akibeba maji, zilimushika kikwembe cha kiuno akitoka. Kila asubuhi nilisikia: "Hii nyumba ni ya watu ama ni ya mianzi? Munipe jibu, nihame!" Wageni walifikiri tunagombana. Hatukugombana. Yeye alisema, mimi nilisema "ndiyo, mama", fimbo zilibaki pale pale. Niliamuka na sauti ile, nililala na sauti ile, na sikujua kama ninaipenda mpaka iliponyamaza.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi kilichopita. Mama Amisi alipata homa kali. Tulimupeleka hospitali, wakamuwekea serumu ku mushipa, homa ikashuka, wakaturudisha nyumbani na dawa. Muganga alituambia mimi na Feza, binti yetu aliyekuja kumutunza: "Mama akule. Dawa hizi ni kali, bila chakula mwili hautazibeba." Lakini hakukula. Feza alipika sombe, majani ya muhogo, hakukula. Alipika uji, alionja na kuweka kijiko chini. Alinunua samaki wa frigo, wale wa barafu, akawakaanga vizuri na kitunguu, mama akageuzia uso ukuta. Na alikuwa anakohoa, basi Feza akahamisha moto inje, anapikia ku mbabula, jiko la makaa, moshi usimusumbue.

Mimi nilijiambia, atakula kesho. Halafu siku moja alisimama kwenda inje, akapita chini ya ile fimbo moja niliyokuwa nimebakisha, zingine zote nimeshazigawa. Ilikuwa imeteleza kidogo. Ikamupiga ku bega, pa! Mimi nikangoja kelele yake. Aliisukuma na mukono, akaendelea na njia yake. Hakusema kitu. Vijana wangu, niliogopa. Nilikaa pale ku kiti, nikasema ndani ya moyo: huyu ameanza kuondoka.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake kumbikumbi walitoka, watoto wanakimbia na mabeseni, kelele mu kijiji kizima. Mama Amisi alikuwa amelala karibu na dirisha. Aliangalia inje muda murefu, akasema, sauti ndogo sana: "Wale weupe watakuwa juu sasa."

Feza akainama karibu naye. "Mama, utakula samaki muweupe?"

Hakujibu ndiyo. Lakini hakusema hapana, na alikuwa amesema hapana kwa kila kitu.

Niliinuka, nikashusha ule mwanzi. Unga mweupe ukanimwagikia ku shati. Dumuzi! Moto ulihama inje, lutala imekosa moshi, na wao wakaingia mu fundo la katikati. Huo ndio mwanzi, unataka uuchunge kama mutu wa nyumba, ukiusahau musimu mumoja tu unakulipiza. Nilifunga lile fundo na uzi wa nailo, nikakaza na meno. Feza akaniangalia mikono.

"Baba, wewe mwenyewe? Mikono hii? Tutume mutu mwingine."

"Mutu mwingine hajue anakula wapi."

"Nani anakula wapi?"

"Samaki, mama. Wacha nipite."

Shabani, yule motari jirani yetu, alikubali kunipeleka mpaka ule muto mudogo unaoingia Lualaba. Aliuona mwanzi, akazima pikipiki.

"Muzee, na huu muti tutapita wapi? Iko murefu kuliko barabara."

"Wewe endesha. Mimi nitausimamisha kama bendera."

"Ukigonga mutu, ni mimi watapiga."

"Basi endesha mbio, wasikushike."

Alicheka, akaenda kuchukua na kanapeshi yake ya plastiki, eti kama mwanzi utatuaibisha. Na ku kando ya muto nilijaribu ile yake kwanza, sitawaficha. Nilipenda wepesi wake. Lakini wepesi ule ndio ulioniangusha. Mukono wangu unatetemeka, na plastiki ilipeleka mutetemeko wote mpaka ku ncha, kumbikumbi wangu alicheza ngoma juu ya maji, samaki wote walihama kumukimbia. Nikamurudishia Shabani. Nikashika mwanzi. Uzito wake ukaukalia mukono, mukono ukatulia. Miaka yote watu walinilalamikia mwanzi ni muzito, na mimi niliomba radhi. Kumbe siku moja uzito ule ungekuwa mwenzangu.

Maji hayakuwa ya tope, asante Mungu. Walikuwa wanapanda: pwa, pwa. Niliinua mwanzi, nikangoja, nikauonyesha njia. Kumbikumbi akashuka karibu na muti ulioanguka. Mara ya kwanza hakuna kitu. Nikarudia. Akachukuliwa.

Mwanzi ukajipinda, nikasikia samaki mpaka mu kiwiko, na nikasikia kingine: lile fundo la dumuzi linalia. Nikasema: "Shabani, itavunjika."

"Usiseme vile, muzee!"

"Ka!" Ikavunjika.

Lakini mwanzi haukatike kama kijiti kikavu. Unapasuka kwa urefu, nyuzi zake zinashikana, ncha ikalala ku maji ikishikwa bado na ngozi. Na uzi, vijana wangu, uzi ulikuwa umefungwa huku chini, ku mukono wangu, kama mujomba Mulamba alivyonilazimisha. Nilitupa fimbo chini, nikashika uzi, nikavuta na mikono hii hii inayotetemeka. Samaki hakujua kama fimbo imekufa. Shabani aliingia ndani ya maji na suruali yake ya kazi, akamukumbata na kifua. Alikuwa muweupe, wa mukia mwekundu, wa kutosha sufuria ya mutu mumoja mugonjwa. Nilimuita mujomba kwa jina, pale pale ku maji, na amekufa zamani.

Tulirudi mbio. Mwanzi niliubeba, umevunjika lakini unashikana, siwezi kuacha fimbo yangu ku muto kama takataka. Nilifika nyumbani nikiwa nataka tu Feza achukue samaki, nikautupa mwanzi pale nilipofika, nikaingia. Feza alimuchemsha samaki na nyanya na chumvi kidogo, bila mafuta. Harufu ikaingia ndani. Tulimuinua Mama Amisi, tukamuegemeza ku mito. Feza akamupa mchuzi, kijiko kimoja. Akameza. Akafungua kinywa tena. Feza alitaka kuniangalia, nikamuonyesha na macho: usisimame, endelea. Alikula nyama ya mugongo, akatoa miiba yeye mwenyewe na vidole, akaiweka ku kando ya sahani vizuri vizuri, kama alivyofanya siku zote. Halafu akaanza kulamba vidole. Kule inje watoto walikuwa bado wanapiga kelele na kumbikumbi wao.

Basi mukiniuliza tena ubaya wa mwanzi nitawaambia: unaliwa na dumuzi, unataka moshi, ni muzito, na ni murefu, hauna adabu mu nyumba ya watu. Yote ni kweli, na mwanzi wangu mupya uko ku lutala sasa hivi, ulikatwa kiangazi hiki, unakula moshi.

Ile siku, Mama Amisi alimaliza sahani, akaangalia polepole kule mulangoni. Nilifuata macho yake. Mwanzi uliovunjika ulikuwa umelala pale nilipoutupa, nusu ndani, nusu inje, umeziba njia yote.

"Baba Amisi."

"Niko hapa, mama."

"Iyo fimbo yako haina mwisho?"

Nilisimama haraka niiondoe. Nilifika mulangoni, nikainama, nikaushika mwanzi, machozi yananishuka ku ndevu. Lakini sikuuinua. Niliuacha pale pale, nikangoja, ili aseme tena.

Akasema tena, na sauti kubwa.